Kitanda cha Bi Somoe na Hori la Namtenje

Mambo yote yale yalitugharimu kitanda kimoja cha mninga, fremu moja ya mlango, mita tisa za popelini ya bluu, na jina la mchuuzi mmoja wa viatu aliyejiona bingwa wa kupatana bei. Mchuuzi huyo ni mimi. Hesabu hii nimeipiga mara mbili, ya pili nikiwa nimeshakunywa chai, na haipungui. Mwezi uliopita tulimzika Mzee Mkwanda kule Buguruni, na tulipotoka makaburini nikadhani sasa hesabu imefungwa. Haikufungwa. Bi Somoe, ambaye ana umri wa kutosha kuwa amechoka lakini hachoki, aliniita pembeni akaniuliza swali, na tangu siku hiyo ananipigia simu kila Ijumaa kudai jibu. Ili swali lenyewe lieleweke, sina budi kurudi kwenye ule mwaka wa hori la Namtenje, mahali ambapo hadi leo sijawahi kukanyaga, ingawa naweza kukuelekeza kila kona yake nikiwa nimefumba macho.

Ulikuwa mwaka ambao kila kitu kilikuwa ruksa. Sabuni ilikuwa imerudi madukani, na watu, kwa mazoea ya foleni, bado waliinunua kwa dazeni na kuificha uvunguni kana kwamba serikali ingebadili mawazo kesho yake asubuhi. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nauza viatu vya mtumba Mchikichini, na nilipanga chumba Kariakoo katika nyumba ya Bi Somoe. Nyumba ya Kiswahili ya kawaida: vyumba vitatu huku, vitatu kule, korido katikati, uani nyuma kwenye jiko na choo. Mbele, upande wa barabarani, alikuwa amempangisha Harish, Mhindu muuza vitambaa, mtu mpole aliyekuja kila asubuhi kwa miguu akikatiza Mnazi Mmoja. Harish hakula nyama wala samaki, lakini popelini yake yote ilinuka pweza, kwa sababu Bi Somoe alianika pweza uani na upepo wa nyumba ile ulielekea dukani. Wateja aliwaambia hiyo ni harufu ya kitambaa kipya, ndiyo kwanza kimetoka melini. Walinunua. Kuta za vyumba hazikufika kwenye paa, kwa hiyo mtu akigeuka kitandani chumba cha kwanza, wa chumba cha sita alijua amegeukia upande gani. Na marobota ya viatu yana tabia moja: hayakosi viatu vilivyopotezana na wenzao. Wachuuzi wengine walivitupa. Mimi nilivijaza kwenye viroba nikiamini ipo siku wa kulia wa robota hili atakutana na wa kushoto wa robota lile. Hawakukutana, ila mimi nilipata jina. Nyumba nzima iliniita Mguu Mmoja.

Bi Somoe na Mzee Mkwanda, mpangaji wa chumba kilichotazamana na chake, wote walitoka Namtenje, kusini huko, ambako bahari inaingia nchi kavu kama mkono uliopenyezwa chini ya mto wa kulalia. Bi Somoe alikuwa mtu wa Mlangoni, kijiji cha kwenye mdomo wa hori. Mzee Mkwanda alikuwa wa Kichwani, kule ndani hori linakoishia kwenye tope na mikoko. Mlangoni na Kichwani ni watani tangu enzi asizozikumbuka mtu, na si utani wa kurushiana maneno barabarani tu. Akifa mtu wa Mlangoni, kaburi huchimbwa na watu wa Kichwani. Akifa wa Kichwani, huchimbwa na wa Mlangoni. Kisha mchimbaji huchagua kitu cha marehemu na kutamka mbele ya waombolezaji kwamba tangu leo ni chake. Wengine huchagua kuku, wengine redio. Mume wa Bi Somoe alipofariki, Mzee Mkwanda alichimba, akapangusa mikono, akatamka kwamba anachukua Kijungu kizima, yaani ule ulimi wa mchanga ambako kaburi lenyewe lilikuwa. Watu walicheka hadi mjane naye akacheka, na hiyo ndiyo kazi ya mtani.

Tangu hapo alimwita Bi Somoe mpangaji wake. Na kwa kuwa Kariakoo yeye ndiye aliyekuwa mpangaji wa Bi Somoe, kila mwisho wa mwezi nyumba nzima ilipata sinema ya bure. Mzee Mkwanda alibisha hodi, akatoa kodi ya chumba mbele ya Harish, ambaye aliitwa makusudi awe shahidi. Bi Somoe aliipokea, akachomoa sarafu moja, akamrudishia kwa mikono miwili huku amepiga goti.

“Kodi yako ya Kijungu hiyo, bwana mwenye ardhi. Mwezi huu paa linavuja.”

“Nitamtuma fundi,” Mzee Mkwanda alijibu. “Maji yakitoka.”

Harish alicheka kwa adabu kila mwezi. Ilikuja kudhihirika baadaye kwamba hakujua kinachochekesha ni nini.

Habari za kampuni zilifika kwanza kwa uvumi, halafu kwa mtu. Kampuni ilitaka kuchimba mabwawa ya kufugia kambamiti kuzunguka hori lote. Watu wa Kichwani walikutana mapema, wakakubaliana kuuza kwa pamoja kila kilicho chao, wakatia dole gumba. Mzee Mkwanda alitia la kwake pia. Tope lile, alisema, limewalisha mbu vizazi na vizazi, acha sasa lilishe kambamiti. Mlangoni walikataa. Bi Somoe hakutaka hata kusikia. Kijungu kina kaburi la mumewe, na pembeni yake imeachwa nafasi ya mkewe. Alituambia hivyo huku anapakua wali, kama mtu anayesimulia kiti alichokiwekea kanga harusini ili asije mwingine akakikalia. Kwa kuwa nusu ya wenyeji wa Namtenje walikuwa Dar, kampuni ilimtuma kijana aje kuandika kila kipande na mwenyewe. Kipande ambacho mwenyewe amekataa kingerukwa. Kipande cha mtu wa Kichwani kingekwenda pamoja na vya wenzake. Ijumaa kijana angeondoka na faili lake kwenda kusini, na nyuma yake lingefuata katapila.

Tulimwita Bwana Ramani. Alikuwa kijana nadhifu, shikamoo zake zilitangulia kabla hajavuka kizingiti, na alikuja na ramani ambayo Bi Somoe aliitazama, akaigeuza, akauliza kama huo ufa katikati ndio kwao. Akaambiwa ndio. Akamrudishia. Akasema kesho yake arudi, atamwonyesha Namtenje yenyewe.

Ilijengwa uani asubuhi nzima, na ndiyo shule pekee ya jiografia niliyoihudhuria bila kutoroka. Harish alitoa popelini ya bluu kwa ajili ya maji, mita tisa, kwa sharti kwamba asiikanyage mtu na viatu. Hatukuwa na nia ya kuikanyaga na viatu. Viatu tulikuwa na nia ya kuvipanga juu yake. Viroba vyangu vilimwagwa, na kila kaya ikapata kiatu: buti la jeshi likawa msikiti wa Mlangoni, kiatu cha kisigino kirefu kikawa nyumba ya mke mdogo wa mtu ambaye sitamtaja, raba iliyochanika ikawa shule. Mafagio ya chelewa yalikuwa mikoko. Mbuzi ya kukunia nazi ilikuwa kilima cha mizimu, ambako hakukatwi hata ukindu wa kusukia kapu. Mzee Mkwanda alinyunyiza chumvi upande wa kwao, palipo na majaruba ya chumvi, akawa anaionja onja hadi Bi Somoe akamwambia ataimaliza nchi yake kabla kampuni haijafika. Ilipofika zamu ya Kijungu, Bi Somoe aliingia chumbani, akakawia, akatoka na kofia ya kiua ya marehemu, akaiweka penye mdomo wa hori, nusu kwenye bluu, nusu kwenye sakafu.

“Na hiyo kofia,” Mzee Mkwanda alisema, “mlisahau kunikabidhi.”

Nilivihesabu viatu, thelathini na saba, nikarudia, thelathini na saba. Lakini kuhesabu ardhi ya Namtenje kulinishinda, kwa sababu haitulii. Bi Somoe alipokunja popelini kuonyesha maji yametoka, yalijitokeza mashamba ambayo dakika moja nyuma hayakuwapo: mashamba ya wanawake, juu ya tope, ya kuchimbia kome, kila moja na jina lake na mpaka wake, mama humrithisha binti. Alipoikunjua maji yakarudi, na pale pale pakawa njia ya wavuvi, na hakuna mwanamke aliyewadai kitu. Kwingine ardhi ilikuwa ya huyu, minazi iliyomo ya yule, na kivuli cha minazi kiligombewa na wote wawili mchana tu. Bwana Ramani alichuchumaa na penseli, akauliza kwa heshima zote pwani inaanzia wapi, ili achore mstari.

“Saa ngapi?” Bi Somoe aliuliza.

“Samahani, bibi?”

“Hiyo unayoichora ni pwani ya saa ngapi?”

Kijana alijikuna kisogo. Halafu, na hili nampa sifa yake, akachora mistari miwili, akasema mabosi wake watadhani alichora akiwa amelewa. Tukampenda. Ndiyo maana hakuna aliyejihadhari alipofika kwenye kofia na kuuliza, bila kuinua macho, kwamba hapa ni pa nani.

“Pangu,” Mzee Mkwanda alisema. “Huyu ni mpangaji wangu.”

Na Bi Somoe, kwa mazoea ya miaka yote ile, akapiga goti pale pale sakafuni. “Kweli kabisa, bwana mwenye ardhi. Ila paa bado linavuja.”

Uani kote watu walicheka. Bwana Ramani naye alitabasamu, akauliza kama kuna shahidi, na Harish, aliyekuwa amesimama mlangoni akilinda kitambaa chake, akainua mkono. Alikuwa mtu mkweli na alimpenda Bi Somoe. Alitaka kumsemea vizuri. Alisema ndiyo, kodi inalipwa, kila mwisho wa mwezi, mbele yake. Akaongeza kwamba mama huyu hajawahi kuchelewa hata mara moja. Penseli ikaandika. Mzee Mkwanda wa Kichwani: mwenye ardhi. Bi Somoe: mpangaji. Na vya watu wa Kichwani vilikwishatiwa dole gumba.

Vicheko vilikatika kama umeme. Watu watatu walizungumza kwa pamoja kumweleza kijana kwamba ule ni utani. Akasema anajua utani, hata kwao wapo watani na wamemlia vitu vingi, ila fomu ina sehemu mbili tu, ya mwenye ardhi na ya mpangaji; wenyewe wametamka na shahidi yupo. Lakini si neno, alisema. Mzee aseme tu kwamba si pake, yeye atafuta. Tukamgeukia Mzee Mkwanda. Alivua miwani, akaifuta na shati, akaivaa.

“Siwezi,” alisema. “Kijungu ni ujira wangu wa kaburi. Nikisema si pangu, sikupokea ujira. Kama sikupokea ujira, sikuzika. Mnataka nimfukue mtu mbele ya mkewe?”

Njia ilikuwa moja, alieleza: pagombolewe. Bi Somoe atoe kitu kingine badala yake, kitu kinachouma kukitoa, naye ataachia Kijungu kwa halali. Tatizo ni kwamba mtani na mtani hawawezi kupatana bei. Wakianza tu, unageuka utani mwingine. Anatakiwa dalali asiye wa Mlangoni wala wa Kichwani, na mwenye ulimi. Wote wawili wakanitazama mimi.

Siku mbili zilizofuata nyumba ile haikukalika. Bi Somoe aliacha kumtania. Alimwita “Bwana Mkwanda”, kwa sauti ile anayomwitia msoma mita ya umeme. Alimpakulia chakula kama kawaida, muhogo wa nazi, pweza, akamwekea na ndimu pembeni, akamwambia karibu, basi. Mzee Mkwanda alikula kama mtu anayekula mahakamani. Kupitia juu ya kuta nilimsikia anajaribu, anasema muhogo huu una mchanga wa Kijungu, bila shaka wameuchimba shambani kwake. Na ng'ambo ya korido Bi Somoe akazima taa. Ndipo nilipoelewa kwamba ardhi si kitu pekee kilichoweza kupotea pale; hata utani wenyewe ungeweza.

Alhamisi alasiri niliketi na Mzee Mkwanda uani, nikaanza kazi kama tunavyoanza Mchikichini, kwa bei ya matusi. Nilimpa kiatu kimoja cha kushoto, ngozi halisi. Akasema anataka kitanda. Kitanda chenyewe kilikuwa cha mninga, kipana, kina nakshi kichwani. Marehemu alimwita fundi akakiundia mle mle chumbani, na tangu kiundwe hakijawahi kuona jua. Nikapanda hadi mbuzi ya nazi. Akasema kitanda na godoro. Nikapanda hadi jogoo. Akasema kitanda, godoro na chandarua. Katika biashara yangu yote sijawahi kukutana na muuzaji anayepanda kila mnunuzi anapopanda. Nikatumia silaha ya mwisho, ile isiyoshindwa: nikainuka, nikasema basi mzee, biashara imeshindikana, nikaondoka. Mchikichini hufiki hatua ya tano hujaitwa. Nilipita korido, sikuitwa. Nilipita dukani kwa Harish, sikuitwa. Nilifika kona kwa muuza kahawa, nikanywa vikombe viwili nikiwa nimeupa mtaa mgongo, sikuitwa. Nikarudi.

“Umerudi,” Mzee Mkwanda alisema.

Nikaketi. Nikamwuliza, sasa kama mtu na mtu, kitanda anakitakia nini na chumba chake hakikitoshi. Alitazama mlango wa korido kwanza.

“Mguu Mmoja, nikipokea jogoo, Namtenje nzima itasema Kijungu kina thamani ya jogoo. Na aliyelala pale je?”

Nilikuwa nimesahau kwamba kuta za nyumba ile hazikufika kwenye paa.

“Mpe kitanda,” ilisema sauti ya Bi Somoe kutoka ndani. “Godoro simpi. Chandarua atanunua, amezoea mbu, ni ndugu zake.”

Mzee Mkwanda alicheka hadi akashika tumbo, halafu akafuta macho, na alichokifuta hakikuwa kicheko chote.

Kazi ya kukitoa ilianza Ijumaa asubuhi. Mafundi walijaribu kukipitisha ubavu, wakajaribu kukisimamisha, wakaishia kung'oa fremu ya mlango. Kitanda kikatoka, kikapita salama hadi mlango wa Mzee Mkwanda, na hapo ikagundulika kwamba mlango wake ni mwembamba kuliko ule uliong'olewa. Nilipendekeza tung'oe na huo. Bi Somoe akasema mpangaji hana ruhusa ya kubomoa nyumba ya watu. Kikabaki kwenye korido. Bwana Ramani alipofika na faili lake ilibidi akipande ili avuke, akaishia kukaa juu yake, na hapo juu ya kitanda alifuta na kuandika upya: mwenye ardhi Bi Somoe, hauzi. Harish aliitwa kutia sahihi ya ushahidi. Aliuliza mara tatu kama safari hii tunasema kweli.

Kitanda kilikaa kwenye korido mwaka uliobaki wote. Tulipita upande upande. Tulikilia chakula, tulikikalia kwenye misiba ya watu, Harish alikatia vitambaa juu yake mvua ikinyesha, na ile popelini ya bluu iliyopata madoa ya buti la msikiti aliishonesha mapazia ya dukani. Mwisho wa mwezi Mzee Mkwanda aliendelea kulipa kodi, na Bi Somoe aliongeza tozo ya kuegesha kitanda. Baadaye Mzee Mkwanda alihamia Buguruni, kwenye chumba alichokichagua kwa sababu moja tu, mlango wa mbao mbili. Kampuni nayo ilichimba mabwawa upande wa Kichwani, ikafuga, ikapata hasara, ikaondoka. Naambiwa bahari imeyabomoa mabwawa na kambamiti wanaingia wenyewe bila kufugwa. Kijungu hakikuguswa.

Mzee Mkwanda amefia kwenye kitanda kile. Vijana wa Mlangoni walichimba, na tuliporudi nyumbani Bi Somoe, mkubwa wao, akashikwa mkono na mjukuu wake aje kuchagua ujira. Watoto wa marehemu walikuwa wameshaondoa godoro. Kila mtu alijua atachukua nini. Alikizunguka kitanda, akakigonga kwa bakora, akasema kimeshika kunguni wa Kichwani, hakitaki. Halafu bakora ikanigeukia mimi.

“Namchukua dalali wake,” alisema. “Mguu Mmoja tangu leo ni mtu wa Kichwani. Aliyekuwa anichimbie ametangulia, na hawa vijana wake wanachimba simu tu.”

Watu walicheka kama inavyotakiwa. Nikamwambia nina miaka hamsini na zaidi na mgongo wangu ni mbovu. Akasema basi nitaanza mapema. Kisha ndipo aliponivuta pembeni akauliza lile swali: siku hiyo, pale Kijungu, nikishapangusa mikono, nitatamka kwamba nachukua nini? Anataka kujua sasa, ili apate muda wa kukataa.

Nimefikiri. Nyumba ya Kariakoo siwezi hata kuitania. Wajukuu wataita wakili. Kofia ilikwishaombwa na mwingine. Ijumaa ya kwanza nilimtajia kiatu cha kushoto, akakata simu. Ya pili nikasema Kijungu, akasema nisiige watu, nitafute changu. Kinatakiwa kitu cha kuwachekesha watu wote waliosimama pale, na katika watu hao nimejihesabu na mimi, mara mbili, na sioni kitakachonichekesha siku ile. Nimepatana bei maisha yangu yote na hapa sina hata pa kuanzia. Kwa hiyo nakuomba wewe uliyesoma hadi hapa, hasa kama kwenu mna watani na umewahi kuona jambo hili likifanywa vizuri, nishauri. Kesho ni Ijumaa, na atapiga. Nichukue nini?